Fundi wa Kutoa Upepo

Katika Tabora nzima ya wakati wa Mwingereza, pikipiki iliyokunywa maji ilikuwa moja tu, na mtu aliyejua kuinywesha alikuwa mmoja tu. Mwendeshaji wake nilikuwa mimi. Sisemi kwa majivuno, ingawa majivuno ninayo, na huko mbele mtaona yalinifikisha wapi. Nasema ili ieleweke kwamba huyu ninayemwandika nilimjua miaka mingi, mikono yangu na yake ikiwa juu ya chuma kimoja. Watu walimwita Fundi, nami nitamwita Fundi. Mafundi walikuwa tele, wa cherehani, wa taa, wa milango. Lakini ukisema pale mtaani Isevya, "Nakwenda kwa Fundi," hakuna aliyekuuliza fundi gani.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo sitayagusa. Alikuwa mtu wa Pwani kwa asili na wa Tabora kwa maisha, Mzaramo aliyejua Kinyamwezi cha kutukania, na hiyo ilitosha kumfanya mtani wangu, maana mimi ni Mnyamwezi wa Kigwa. Asiyeujua utani wetu na watu wa Pwani na aelewe jambo moja. Ulianza zama za misafara, wazee wetu walipobeba mizigo mpaka baharini, wakalishana na kuzikana njiani na watu wa huko. Tangu hapo mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kuingia jikoni kwako akafunua chungu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na zaidi ya hayo, mtani hashtakiwi. Ugomvi wa watani haupelekwi kwa mtu wa tatu, awe jumbe, awe kadhi, awe mzungu.

Siku ya kwanza nilipompelekea pikipiki nilimwamkia vizuri, kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, Fundi."

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, mzee. Wa Kigwa."

"Basi shikamoo yako kaiweke. Siitikii pagazi mimi." Akaizunguka pikipiki mara mbili, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Ama kweli dunia imepinduka! Babu alibeba mzigo, leo mzigo unambeba mjukuu. Shuka, pagazi, uone aibu kidogo."

Nikamjibu kwamba babu yangu alibeba sana kwa sababu Wazaramo walilala chini kila walipoona kilima. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaniletea kigoda. Tukawa marafiki siku hiyo hiyo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa mali ya ofisi yetu iliyopambana na malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Mimi nilikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kupiga sindano, na kazi yangu ilikuwa kupeleka dawa kwenye kambi za wagonjwa, nyingine upande wa Kaliua, nyingine upande wa Kigwa, kwenye njia ile ile ya misafara. Pikipiki za kawaida zilipozwa na upepo wa mwendo tu. Hii ilikuwa na rejeta kama gari, na mipira miwili: wa juu ulitoa maji ya moto kichwani mwa injini, wa chini uliyarudisha yakiwa yamepoa. Pampu haikuwa nayo. Maji ya moto yalipanda yenyewe na ya baridi yalishuka yenyewe, basi.

Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Kila ulipomwaga maji kusafisha kutu au kubadilisha mpira, kisha ukatia mapya, upepo ulijibanza juu ya kichwa cha injini. Ukishajibanza, maji hayapiti. Unafungua kifuniko unaona maji yako mdomoni kabisa, unasema imejaa. Wapi! Injini inaungua huku rejeta imekaa baridi, haina habari.

"Imejaa macho," Fundi alikuwa akisema. "Haijajaa maji."

Nimewaona mafundi wengi tangu wakati ule, na sijaona aliyeitoa hewa kama yeye. Nyuma ya kibanda chake palikuwa na kichuguu kikuukuu alichokichonga kwa jembe kikawa mteremko. Gurudumu la mbele alilipandisha pale mpaka mdomo wa rejeta ukawa juu kuliko kitu kingine chochote. Maji yalikuwa yamechemshwa na mkewe tangu jana yake, yakapozwa yakiwa yamefunikwa, kwa sababu maji mabichi ya kisimani, alisema, yanakuja na upepo wao. Aliyatia kwa birika, uzi mwembamba. Huku anatia, mkono wa pili unaminya mpira wa juu, unaachia, unaminya, unaachia. Kisha anaitikisa pikipiki kushoto na kulia, anasikiliza inavyoguguma. Juu ya kichwa cha injini kulikuwa na nati ndogo. Aliilegeza nusu mzunguko, nayo ikapiga mluzi, ikatema mate, ikatema tena, mpaka yakatoka maji matupu yasiyotema. Ndipo aliikaza.

"Upepo haufukuzwi," aliniambia. "Unaonyeshwa mlango. Na mlango wake siku zote uko juu."

Saa hakuwa nayo. Muda aliupima kwa kahawa, ile kahawa chungu ya vikombe vidogo, na vikombe vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilinywewa injini ikinguruma na kifuniko kikiwa wazi, mapovu yakipanda. Cha pili kilinywewa injini imezimwa; maji yalikuwa yameshuka, anaongeza. Cha tatu, injini inawashwa tena, naye anaweka kiganja kwenye rejeta, juu, katikati, chini. Joto likishuka mpaka chini chini pale, anaondoa mkono anasema, "Nenda." Bila "Nenda" huondoki. Bwana mmoja wa kizungu wa ofisi yetu, aliyeiazima siku moja akiwa na haraka zake, alijaribu kupanda kwenye kikombe cha pili. Fundi alichomoa waya wa plagi akautia mfukoni mwa kanzu, akakaa akaendelea na kahawa yake. Yule bwana alifoka kwa lugha zote alizozijua, kisha akaomba sukari.

Jambo moja nataka mlishike, kwa sababu ndilo linalonihukumu. Mtu huyu alitania asubuhi, alitania mchana, alitania kwenye maradhi na kwenye misiba. Lakini kiganja chake kikiwa kwenye rejeta hakutania. Sauti ilibadilika, ikawa ndogo, ikawa kavu. Hata mkewe akimwita wakati huo hakuitika.

Sasa msidhani alikuwa mtu wa subira. Hata kidogo! Subira yake yote iliishia kwenye maji ya rejeta. Wali hakuwahi kuungoja uive; alikuwa akila wenye kiini huku mkewe akiapa kwamba siku moja utaota tumboni. Msikitini alikuwa wa mwisho kuingia na wa kwanza kuvaa viatu. Ukimsimulia kisa alikumalizia, na mara nyingi alikimalizia vibaya. Hakupenda methali. Niliwahi kumwambia kwamba haraka haraka haina baraka, akanikata hapo hapo: "Methali ni za watu wasio na spana."

Na jingine litakalowashangaza: hakuwahi kupanda pikipiki maisha yake yote. Nilimbembeleza nimzungushe mjini hata mara moja. "Mimi naujua moyo wake," alisema, "ndiyo maana simpandi." Alikwenda kila mahali kwa miguu, kwa kasi, kanzu ya kazi imejaa mafuta, na mtu aliyempita kwa baiskeli alimrushia neno la kumfanya agonge mti.

Sisi Wakristo alituita watu wa kengele. Alikuwa na maneno kuhusu nyimbo zetu ambayo siwezi kuyaandika. Lakini kinanda cha kanisa letu la mjini kilipopasuka mfuko wake wa hewa na kuanza kukoroma katikati ya ibada, nani aliyekuja? Alikuja siku ya kazi, akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akashinda sakafuni siku nzima na gundi na ngozi ya mbuzi. Alipomaliza akaniambia, "Umeona maajabu yenu? Kule natoa upepo, huku natia upepo." Jumapili iliyofuata alisimama nje ya dirisha mpaka wimbo wa mwisho ukaisha. Nilipomwuliza, alisema alikuwa anapita.

Baba yangu alipofariki kule Kigwa, Fundi alipanda gari moshi akafika kabla ya maziko. Sijui alipataje habari. Aliingia uani, akachukua koti la marehemu lililotundikwa, akalivaa, akaanza kutembea kama baba, kiguu kimoja kikiburuta, akiwafokea akina mama, "Ugali wangu uko wapi? Mnanizika na njaa?" Mama yangu, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu jana, alicheka. Alicheka kilio kikiwa bado kooni. Kisha Fundi akajilaza njiani mbele ya jeneza, akasema pagazi huyu hapiti bila kulipa ushuru wa njia. Tukampa jogoo, akatuachia. Kaburini alikuwa wa kwanza kushika koleo. Nilimpenda mtu yule, na niseme wazi, nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu wa tumbo moja.

Ndiye niliyemfanyia hivi ninavyowasimulia.

Ilikuwa Jumapili ya sikukuu ya mavuno. Nilikuwa na sanduku la chupa za dawa za kupeleka kambi moja mbele ya Kigwa. Nilitakiwa kufika Jumatatu, hakukuwa na haja ya kukimbia. Lakini kule Kigwa kulikuwa na binti niliyekuwa nimemposa, na ibada ya huko ingekwisha adhuhuri. Nilitaka kufika wakati watu wanatoka kanisani. Nilitaka wanione nikiingia na pikipiki ya maji, miwani usoni, binti na mama yake wakiwa mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa dharura yangu, sina nyingine ya kuificha.

Fundi alikuwa amebadilisha mpira wa juu asubuhi hiyo, ametia maji mapya. Tulikuwa kwenye kikombe cha pili. Nikaanza kuvaa miwani. Akaweka kiganja kwenye rejeta.

"Bado," alisema. "Juu moto, chini baridi. Ukiondoka sasa utarudi kwa miguu."

"Mzaramo, unataka tu nikumalizie kahawa yako mbovu."

"Kaa chini. Nakuletea cha tatu." Akainuka kwenda ndani kuchukua birika.

Nikafungua rejeta nikachungulia. Maji yalikuwa mdomoni kabisa, yametulia. Nikafunga kifuniko, nikaisukuma kutoka kwenye kichuguu, nikawasha. Nilimsikia nyuma yangu akipiga kelele, "Pagazi! Pagazi wee! Rudi!" Nikainua mkono nikapunga, kama mtu anayejibu utani. Njiani nikajisemea: alikuwa anatania. Ni uongo. Kiganja chake kilikuwa kwenye rejeta, nami nilikuwa najua.

Sikufika Kigwa nikiwa juu ya pikipiki. Kwenye pori, nusu ya pili ya safari, nilisikia harufu ya chuma cha moto, na kabla sijafikiri, pistoni ikakamata ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likajifunga, nikaruka juu ya usukani. Sanduku lilipasuka. Chupa zote zilivunjika isipokuwa mbili. Niliisukuma pikipiki ile saa nyingi, mabega yakitoka jasho, na nilipoingia kijijini watu walikuwa wamekwisha kula na wamekaa nje wote, wakanitazama nikipita. Kambini walikosa dawa kwa muda wa juma zima. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Pikipiki ilirudishwa Tabora ndani ya behewa la mizigo.

Ofisini aliyeniuliza alikuwa karani mkuu, mwenyeji wa mjini, mtu wa mwandiko mzuri na maneno machache. Bwana mkubwa alikuwa amekaa nyuma yake, anasubiri kutafsiriwa.

"Fundi alikupa ruhusa ya kuondoka?"

Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria posa.

"Alinipa, bwana," nikasema.

Wakamwita Fundi. Alisimama mlangoni na kanzu yake ya mafuta. Karani akamwambia, "Dresa anasema ulimruhusu. Wewe unasemaje?"

Fundi alinitazama. Nilitazama meza. Angeweza kusema maneno matano tu ningefukuzwa kazi, na kila mtu pale angemwamini yeye. Lakini mimi nilikuwa mtani wake, na mtani hashtakiwi, sembuse mbele ya mzungu.

"Kama amesema hivyo," alijibu, "andika hivyo."

Karani akaandika. Barua ilibandikwa ubaoni nje: fundi fulani wa Isevya ni mzembe, asipewe chombo chochote cha serikali. Tabora ni mji mdogo kwa habari mbaya. Kabla ya mwezi kuisha aliyekuwa Fundi akawa "yule aliyeua pikipiki ya serikali." Misheni wakaacha kumpelekea gari lao. Wahindi wenye malori wakaacha. Alibaki na baiskeli, majiko ya mafuta, taa za karabai, na vitu vya majirani waliomwonea huruma. Pikipiki yetu ilitengenezwa na watu wengine; wakaona maji mdomoni wakasema imejaa, ikaungua tena, na mara ya tatu ikatupwa nyuma ya ghala. Hata hapo hakuna aliyefikiri kumwuliza Fundi.

Nilikwenda kwake siku chache baada ya barua. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yote ya Pwani, kwa kweli nilikuwa nayatamani.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba, bwana dresa," akaitika. "Karibu kiti. Habari za nyumbani? Mama hajambo?"

Miaka yote ile hakuwahi kuitikia shikamoo yangu. Aliniletea kahawa, akaniuliza habari za kazi, akanisindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mgeni wa heshima. Na ikawa hivyo kila nilipokwenda. Nilioa, akaja harusini kwa kanzu nyeupe, akakaa kwa adabu, hakufunua chungu hata kimoja. Watoto wangu walizaliwa, akaleta zawadi na kuuliza wamepewa majina gani. Watu wakasema, "Fundi amekuwa mtulivu siku hizi, umri huo." Mimi pekee nilijua. Alikuwa ameninyang'anya utani wake, na hakuna baraza duniani ambako ningeweza kulalamika.

Je, sikutaka kusema? Nilitaka. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Lakini nilipandishwa cheo, nikapewa nyumba, na uongo ukishajengewa nyumba ni kazi kuuhamisha. Hayo ni maneno yangu, si yake. Yeye asingenipa hata methali ya kujifichia.

Ikafika miaka ya mwisho ya Mwingereza, magari yana bendera za chama na kila mtu anaongea habari za uhuru. Siku moja nilikuwa nimekaa kibarazani sokoni, kijana mmoja wa gereji, ambaye mwaka ule wa ajali alikuwa hajazaliwa, akawa anamcheka mwenzake aliyeharibu injini ya lori. "Unafanya kama yule mzee wa Isevya," akasema, "aliyeua pikipiki ya serikali." Wote wakacheka. Hakumjua mzee mwenyewe wala pikipiki yenyewe. Alikuwa amerithi neno langu, na angewarithisha wanawe. Nilisimama nikaacha kahawa yangu haijaguswa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda. Fundi alikuwa amezeeka, macho yote mawili yameingia ukungu mweupe, lakini alikuwa amekaa wima mlangoni, jiko la mafuta katikati ya magoti, analifungua kwa kupapasa. Akazijua hatua zangu.

"Karibu, bwana dresa."

Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia sikukuu ya mavuno mpaka meza ya ofisini. Nilisema kwamba hakuniruhusu. Nilisema nilijua hatanii. Nilisema niliona maji mdomoni nikaondoka, kwa sababu ya binti, na kwamba niliposema "Alinipa" nilikuwa nasema uongo. Nililia pia, sioni aibu.

Yeye aliendelea kukaza nati ya jiko mpaka nilipomaliza. Akafuta mikono.

"Hayo umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu, Fundi. Nimekuja kwako kwanza."

"Basi hujasema," akajibu. "Mimi nilikuwepo. Mimi nayajua. Wa kuambiwa si mimi." Akanyoosha mkono akatafuta bega langu, akalishika, akajiinua. "Wa kuambiwa, walioacha kuniletea vyombo vyao, waliolisimulia na aliyeiandika ile barua, walikuwa kumi na mmoja. Wanne wamekufa, hao utawaambia mwenyewe huko mtakakokutana. Wamebaki saba. Twende."

"Leo?"

"Una kazi gani nyingine leo?"

Tukatoka. Mimi na cheo changu, na suti yangu ya kaki iliyopigwa pasi, nikimwongoza kipofu katika njia za Isevya jua likiwa kali, watu wanatuamkia na kushangaa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mwenye duka la nguo aliyewahi kuwa na gari. Fundi alipiga hodi mwenyewe. "Nimekuletea mtu ana neno," akasema, akanisukuma mbele. Nikasema. Mzee yule alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Subhanallah," akamshika Fundi mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, asiuachie kwa muda. Mimi hakunitazama tena.

Nyumba ya pili ilikuwa ya fundi baiskeli, mpinzani wake wa zamani, aliyekuwa akilisimulia jambo lile kuliko mtu yeyote. Nilikuwa nimesema nusu nusu, kwa sauti ya chini, Fundi akanigusa. "Sema kwa sauti, bwana. Huyu masikio yake si mazuri, na wateja wake nao wasikie." Nikarudia tangu mwanzo, mbele ya watu sita waliokuja kuziba pancha. Nilikuwa nikitega sikio nisikie japo tusi moja kutoka kwake, aniite pagazi, aniite jina lolote. Aliniita bwana.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya karani. Alikuwa amekwisha kustaafu, amekaa barazani na miwani na gazeti. Hapo ndipo nilipotaka kugeuka nirudi. Huyu ndiye aliyeniuliza, huyu ndiye aliyeandika. Nilimwambia kwa maneno yale yale aliyoniuliza nayo: Fundi hakunipa ruhusa, bwana. Alinikataza. Nilisema uongo mbele yako.

Karani akakunja gazeti polepole. "Barua ile niliiandika kwa mkono huu," akasema. "Kwa mwandiko wangu mzuri. Wewe ulikuwa umesimama hapa na yeye amesimama pale, ukatuacha tuandike. Miaka yote hii umenipita njiani ukanipungia mkono. Kwa nini leo?"

Nikakaa kwenye kizingiti cha baraza yake, kofia mkononi. Karani mwenyewe, kwa ule ustaarabu wake, alimgeukia mkewe akaagiza chai ya watu watatu.

"Asante, bwana karani, hatukai," Fundi akasema. Mkono wake ukashuka ukipapasa mpaka ukalipata bega langu. "Inuka, bwana dresa. Bado nyumba nne."